Ndege ya Papa kwenye beseni

Katuba, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya, kaka yangu Sylvain,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mitwaba, wewe na mama watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi tuko wazima. Mihogo uliyotutumia ilifika, aksanti sana. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Ni kuhusu ndege ya mwisho ya Papa, marehemu baba yetu. Unajua jinsi alivyozipenda zile ndege za zamani za kutua majini, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na tumbo kama la mtumbwi. Tangu astaafu reli hakuwa na kazi nyingine ila kuunda za mfano. Karatasi ya mifuko ya saruji, gundi ya unga wa muhogo, na rula yake ya ofisini: kila mita ya ndege ya kweli, sentimita tano za karatasi. Hiyo ya mwisho ilikuwa na mabawa ya karibu mita nzima. Kila Noeli aliziweka ndege zake zielee kwenye beseni la kufulia, watoto wa avenue nzima, mtaa wetu wote, wakapiga kelele.

Siku ya tatu ya kilio chake, Aristote, mtoto wa mama mdogo, aliibeba, akawaambia mashangazi kwamba anaificha watoto wasiivunje. Aliificha kweli! Miezi minane baadaye picha yake ikazunguka kwenye simu za watu: maonyesho ya sanaa mjini, na chini ya ndege ya Papa jina la Aristote, msanii, miezi sita ya kazi. Miezi sita! Mtu asiyeweza kukata bahasha ikanyooka. Nilimtumia ujumbe airudishe. Nawe nilikuambia kwamba amekataa.

Jumamosi, siku ya sherehe ya kufunga maonyesho, nikavaa kitenge changu cha kilio, nikaenda. Aristote alikuwa ameipaka rangi ya maji, nyekundu na nyeupe, na alikuwa akiwaeleza wageni jinsi alivyoumia vidole kufunga nyuzi za mabawa. Nilimwacha aseme. Kisha nikauliza kwa sauti ya upole, mbele ya wote, kama msanii angekubali kutuonyesha inavyoelea, maana ndege ya majini ni ya majini. Wageni wakapiga makofi. Yeye akacheka, akasema hilo ni jambo dogo, beseni liletwe.

Alikuwa ameziona za Papa zikielea kila Noeli, akadhani ni karatasi tu na rangi. Hakujua kwamba Papa aliyeyusha vipande vya mishumaa ya kanisani akalipaka tumbo nta, ndani na nje. Nta ilikuja mwisho kabisa, kwa sababu juu yake gundi haishiki. Hii ya mwisho kifo kiliiwahi kabla ya nta. Mimi ndiye niliyemkusanyia mishumaa hiyo, na bado iko kwenye kopo chini ya kitanda changu.

Yaya, ilielea kwa muda wa Baba Yetu moja. Kisha tumbo likalegea, gundi ikawa uji, bawa la juu likalala juu ya la chini. Mama mmoja akapiga kelele: “Aba! Ndeke iko nazama!” Aristote akaingiza mikono yote miwili, akatoka na tope jekundu mpaka kwenye kiwiko. Mwenye maonyesho akamuuliza ni msanii gani asiyekijua kitu alichokitengeneza mwenyewe. Aristote akanitazama. Nikajifunga kitenge vizuri. Sasa avenue nzima inamwita Kapiteni, na mimi kila tonge la bukari linanishuka tamu.

Lakini nilikudanganya, Yaya. Aristote hakukataa. Siku mbili kabla ya sherehe mke wake, Wivine, alikuja kwangu. Alisema mumewe ameona haya, kwamba mwisho wa sherehe atalitaja jina la Papa mbele ya wote, na Jumapili asubuhi ndege itarudi nyumbani. Aliomba tu nisiwapigie kelele mbele za watu. Nikampa chai, nikakubali. Kisha nikauliza swali langu kabla sherehe haijafika mwisho. Karatasi ya hotuba ilikuwa mfukoni mwa shati la Aristote. Baadaye Wivine alinionyesha: ilikuwa imelowa, lakini jina la Papa lilisomeka.

Na ile ndege ilikuwa yako. Papa aliniambia hospitalini, uipeleke shuleni kwako, wanafunzi waione. Nilijua. Nilitaka aibu ya Aristote kuliko nilivyotaka ndege yako, na Jumamosi ile nilifurahi. Usiniambie nimsamehe. Kama wewe utanisamehe mimi, utaamua mwenyewe.

Dereva wa lori atakupa kopo la maziwa. Ndani kuna boya dogo la chini ya bawa la kushoto, urefu wa kidole. Papa alijaribia nta juu yake. Wote walipoondoka lilikuwa bado linazunguka kwenye lile beseni, peke yake, halijalowa.

Wasalimie watoto, na mama yao mwambie kitenge chake nimekipata. Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Clotilde Mwenya