Mchumba wa Lorraine Si Denny wa Radi

Chester, yule mchumba wa dada Lorraine ni tapeli! Anadai yeye ndiye Denny wa Radi, mtangazaji wa redio wa ujana wetu hapa Youngstown.

Denny, Chester! Aliyeporoja juu ya ala za mwanzo wa wimbo, akanyamaza kabla tu mwimbaji hajafungua kinywa. Hakukosea kamwe.

Mimi nimesoma shule ya jioni, sidanganyiki. Nimeweka santuri sasa hivi, nikamwambia, "Haya bwana, tangaza."

Akamkanyaga mwimbaji, akaporoja juu ya sauti yake! Alimkanyaga, nakwambia, na bado anatabasamu!

Nikamvuta dada jikoni. "Huyu siye!"

Akacheka. "Najua, Emil. Denny mwenyewe nilimwomba wimbo ujana wangu wote, hakunipigia hata mmoja. Huyu hunipigia wimbo kila asubuhi, bila kuombwa."