Shemeji Yako na Risasi Isiyolia

Shoga, acha kufua kwanza, soma hii.

Shemeji yako leo kaumbuka. Huyu huyu anayejigamba kila siku kwamba mkono wake ni jiwe, eti sisi walinzi wenzake ndio waoga wa bunduki.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya shabaha. Mwalimu kamchanganyia risasi bandia katikati ya zile za kweli, kimyakimya. Hiyo ukivuta kifyatulio hailii, kwa hiyo kila mtu anaona mkono wako unafanya nini.

Na yeye masikio kayaziba, hasikii kitu.

Ya kwanza kapiga vizuri. Iliyofuata ndiyo ile bandia. Kavuta. Kimya. Lakini baba mzima kajikunja, kafumba macho, mtutu umeinama chini kama jembe.

Halafu akageuka na kifua mbele, akauliza, "Nimepiga wapi?"

Nimepiga wapi. Shoga, bunduki haijalia.

Mwalimu akamvua vile vizibo vya masikioni taratibu, akamwambia, "Kaka, hiyo hata haijatoka."

Mpaka sasa yuko pale uwanjani na risasi bandia tupu, kaweka sarafu juu ya mtutu. Anatakiwa avute bila kuiangusha. Anavuta, inaanguka, anaiokota. Namwita twende nyumbani, ananijibu, "Tangulia, mke wangu. Mpaka ikae."

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Ndipo mwalimu akaninyooshea kidole: "Kesho wewe."

Shoga, mimi huwa nafumba macho hata kabla ya kuvuta.