Kisiginoni Hamkuwa na Kifungo

Monasterini, Ujerumani
Juma la pili la Kwaresima

Kwa kaka yangu Ambrosi, Liuli.

Shikamoo, kaka.

Najua umeshtuka. Bahasha ina mwandiko wa Kizungu, kumbe ndani nimo mimi. Nilimwomba Bruda Markus aandike anwani kwa mkono wake, maana ungeuona mwandiko wangu ungeitupa barua ziwani kabla hujaifungua, na ungekuwa na haki. Sasa umeshaifungua. Nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho, halafu kama ni kuitupa, itupe.

Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji Anastazia mzima? Mke wangu, Mama Yustina, aliniandikia kwamba mvua za mwaka huu ziliharibu barabara ya kupanda kwenda Mbinga, ukakwama na magunia yako ya dagaa wa usipa siku mbili mpaka wakaharibika. Niliposoma niliumia, ila sikuwa na uso wa kukupa pole. Leo nakupa. Pole sana, kaka. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa ule mguu, na ni huo mguu ulionikalisha hapa kukuandikia.

Sijui kuzunguka mbuyu, unanijua. Nimekukosea. Miaka sita iliyopita, nyumbani kwa Mama, watu wa jumuiya wakiwa bado na rozari mikononi, nilisimama nikasema umenitega. Nilisema umeweka dawa njiani nikaikanyaga, ndiyo maana kisigino hakiponi. Haikuwa kweli. Sikujua kwamba si kweli, lakini kutojua kwangu hakukurudishia wateja wako wala banda lako la sokoni Mbinga. Ngoja nikueleze nilivyokuja kujua, kwa sababu nataka ujue kwamba siombi msamaha wa mdomoni.

Nilipoitwa huku kuwashonea mapadre mavazi ya misa, unakumbuka niliondoka nachechemea. Watu wetu walinipa moyo: nenda, uchawi hauvuki bahari. Nikaamini. Nikahesabu siku. Nilifika, nikalala, asubuhi nikashusha mguu kitandani, aaah! Palepale nyuma ya kisigino, kama nimekanyaga msumari. Wiki ya kwanza nikasema ni baridi. Mwezi wa pili nikasema, huyu Ambrosi amefunga kazi, dawa yake imenifuata mpaka kwenye theluji. Badala ya kujiuliza, nikakuogopa zaidi. Na Mungu anisamehe, nikakuchukia zaidi.

Sasa sikia ujinga wangu. Karakana ya hapa ina cherehani za umeme, unagusa tu inakimbia. Mimi nikazikataa. Nikasema hizi zinaharakisha mno, zinaweza kunishonea kidole. Nikaona stoo kuna cherehani kuukuu ya kukanyaga, baba yake na ile yangu ya Mbinga, nikaomba niletewe hiyo. Mabruda wakashangaa, wakanipa. Kwa hiyo nimekaa hapa miaka mitatu nakanyaga kutwa, kisha jioni nakulaani wewe.

Bruda Markus ndiye aliyenikamata. Aliniona nashuka ngazi kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Akauliza, nikasema si kitu. Akasema, "Gervas, mtu mwenye si kitu hashuki ngazi hivyo." Kesho yake akanitia kwenye gari kama mbuzi wa mnada, tukaenda kwa daktari mjini.

Daktari alinilaza kifudifudi, akanipaka kitu cha baridi kama uji uliolala, akapitisha kifaa kwenye kisigino, na kwenye kioo ikatokea picha ya ndani ya mguu. Ndani kabisa, kaka! Akaonyesha kano, ule mshipa mgumu unaoshuka nyuma ya mguu na kushika kisigino. Lile la mguu mzima limenyooka. Langu limevimba na kuchakaa, nyuzi zake zimevurugika. Alisema limechoka kwa kufanya kazi ileile kwa miaka, bila kupumzishwa, likachanika kidogokidogo, na mwili ukajaribu kuliponya ukakata tamaa.

Halafu nikamwambia Bruda, muulize kama kuna kitu ndani.

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Kama kifungo."

Bruda akanitazama. "Kifungo cha nguo?"

"Wewe muulize."

Maana unakumbuka, kaka. Yule mganga niliyemwendea alinichanja, akapiga chuku kwa pembe, akavuta damu kwa mdomo, akatema kwenye sahani kifungo cheusi cha koti kimezungushiwa nywele. Akasema, kikulacho ki nguoni mwako, nani kwenu anauza nguo? Nikakileta kifungo hicho kwa Mama, nikakigonga mezani mbele yako. Nikasema, hiki ni chako, na nikasema vimebaki vingine ndani. Wewe ulikitazama ukasema, "Gervas, mimi nauza mitumba. Kila shati lina vifungo." Ukachukua kofia yako ukatoka. Hayo tu.

Basi Bruda akamuuliza daktari. Nilijua atacheka. Hakucheka. Alinilaza tena, akapaka tena ule uji, akapitisha kifaa polepole, juu, chini, pembeni, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka wa mtoto. Kisha akaniambia kwa kunitazama usoni, na Bruda akatafsiri: "Hakuna kitu. Hakujawahi kuwa na kitu."

Kaka, nililia. Nililala kifudifudi kwenye kitanda cha daktari, mtu mzima mwenye mvi, nikalia mpaka Bruda akadhani nimeumizwa. Fundi mzima mimi! Nimeshona vifungo tangu ujana wangu, na sikujiuliza kifungo cha koti kinaingiaje kisiginoni pasipo tundu.

Baada ya hapo nikakabidhiwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, anaitwa Renate, ana mikono kama mpiga randa. Akataka nimwonyeshe kazi yangu. Nikakaa kwenye kiti, nikaanza kukanyaga hewani. Akainama akatazama mguu wa kulia unavyobeba kazi yote na wa kushoto unavyosindikiza tu. Akauliza maumivu yalianza lini. Nikaanza kumjibu, na hapo ndipo nilipojijibu mwenyewe. Yalianza mwaka ule mitumba ilipojaa Mbinga. Watu waliacha kushonesha. Suruali ya Ulaya kwako ilikuwa rahisi kuliko kitambaa tu kwangu, kabla sijaweka hata uzi. Ili nisifunge duka nikachukua sare za shule, rundo kwa rundo, kwa bei ya kutupa, nikawa nakanyaga tangu alfajiri mpaka giza. Maumivu na mitumba vilikuja pamoja, na mitumba ilikuja na wewe. Nikajumlisha vibaya.

Na wewe uliniambia! Ulikuja dukani ukasema, "Mdogo wangu, acha sare, njoo tuuze wote." Nikakujibu kwamba mimi ni fundi, si muuza nguo za marehemu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lakini limenifundisha.

Tiba yenyewe ndiyo hii. Mama Renate ana mashine yenye bomba, na kwenye ncha ya bomba kuna kitu kama mpini wa bisibisi nene. Upepo unabanwa ndani unapiga, na kila pigo linapenya kwenye kano. Ta-ta-ta-ta-ta, mapigo hayana idadi, palepale panapouma. Siku ya kwanza aliniambia nitaje namba, sifuri kama hapaumi, kumi kama siwezi kuvumilia. Mimi na kiburi chetu cha Kimatengo nikasema tatu, huku nimeuma shuka. Akasema, "Mtu wa tatu haumi shuka," akapunguza. Nikamwuliza kwa nini anapiga mahali pabovu badala ya kupapumzisha. Akasema mwili umelizoea jeraha hili, umeacha kulishughulikia. Mapigo yanaliamsha, damu inarudi, uponyaji unaanza upya. Lakini kano likiamshwa lazima lipewe kazi, polepole. Kwa hiyo asubuhi na jioni nasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole vya miguu, nashusha kisigino chini taratibu, napanda, nashusha. Wazee wa monasteri wakipita wananiuliza kama nasubiri basi. Cherehani ya kukanyaga imerudishwa stoo. Nashonea ya umeme, na vidole vyangu vyote vipo.

Leo nimepigwa mara ya tatu. Zimebaki mbili. Asubuhi bado pananiuma, ila nashuka ngazi nikitazama mbele. Mama Renate si mwongo. Amesema matokeo ni ya miezi, si ya siku, na wako wasiopona kabisa. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe ni mbishi, hilo litasaidia."

Nilimwandikia mke wangu yote haya. Akajibu: ngoja kwanza upone, ndipo umwandikie shemeji, ili watu wasiwe na la kusema. Anakutakia mema, usimwelewe vibaya. Lakini nimekataa. Nikingoja kupona, maana yake usafi wako unategemea mguu wangu. Nikipona, wewe si mchawi. Nisipopona, je? Watakaa pale kilabuni wapime hatua zangu ndipo wakuhukumu? Hapana. Heshima yako haiwezi kuning'inia kwenye kisigino changu. Nakuandikia leo, mguu ukiwa bado unauma, kwa makusudi. Hata ukiuma mpaka naingia kaburini, hukunitega.

Wakati ule nilisema mbele za watu, kwa hiyo sitaki kukuomba radhi kwa siri. Nimeandika barua nyingine kwa mwenyekiti wa jumuiya. Nimemwomba aisome nyumbani kwa Mama, watu wakiwa wamekusanyika, na asiruke neno. Ndani yake nimetaja mganga, nimetaja kifungo, nimetaja ujinga wangu. Najua watanicheka, wataniita fundi vifungo mpaka nife. Na wacheke. Wewe hawakukucheka, walikukimbia. Waliacha hata kugusa nguo zako wakidhani zina mambo, na mimi nilikuwa naona na nikanyamaza.

Sasa kuna jambo la haraka. Binti yetu Yustina amepata mchumba, kijana mwalimu, na baada ya Pasaka watu wake wanakuja kuleta posa. Mimi mkataba wangu haujaisha, siwezi kuwepo. Mke wangu alipendekeza mjomba apokee. Yustina mwenyewe akaniandikia, na mtoto huyu hajawahi kunipandishia sauti: "Baba, kama baba mkubwa hatakaa kwenye kiti hicho, waambie wasije." Nilisoma mara mbili. Alikuwa na miaka miwili nilipokwenda kujifunza ushonaji misheni na mama yake akiwa kitandani mgonjwa. Ni wewe uliyembeba mgongoni kama mwanamke, watu wakakusema. Wahenga walisema mchawi mpe mwana amlee. Mimi nilikupa mwana kwanza, ukamlea, akakua, ndipo nikakuita mchawi.

Sikuamrishi, sina ubavu huo. Nakuomba, kwa magoti, panda Mbinga siku hiyo, ukae kwenye kiti cha baba. Wakikuuliza unamtoa binti kama nani, wajibu utakavyo. Kama bado una hasira nami, njoo nayo. Hasira ni yangu, usimnyime Yustina.

Nisalimie shemeji Anastazia, mwambie siku ile alipoacha mboga mlangoni kwetu na mimi nikaimwaga, naikumbuka kila ninapokula. Watoto wako wote wasalimie, hasa kitinda mimba ambaye sijamwona. Ukifika kwa Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie bega lake la jembe asilichanje tena. Alipumzishe, kisha alipe kazi ndogondogo. Akiuliza nani kasema, sema ni fundi.

Mwakani nikirudi, basi la kutoka Songea litanishusha Mbinga, na najua watu wa nyumbani watanisubiri hapo. Sitakaa. Nitaunga na gari la kushuka ziwani siku hiyohiyo. Tangu ulipohamia Liuli, hakuna mtu wa nyumba yangu aliyekanyaga ardhi ya kwako, kwa sababu mimi niliwakataza. Basi nitavua viatu barabarani, mchana, majirani wakiona, na nitaingia uani kwako peku, mguu huu mbovu ukitangulia.

Ni mimi mdogo wako,
Gervas