Kamba Iliyosokotwa Kushoto

Mdogo wangu Zaina,

Barua hii haina salamu ndefu. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako.

Unakumbuka mama alipopofuka kwa mtoto wa jicho, kule Kwedizinga? Mbuzi wake wakichanganyika na wa majirani, watu walibishana, yeye akapapasa kamba za shingoni tu. Kijiji kizima kilisokota katani kulia. Yeye alisokota kushoto, kwa makusudi. Akishagusa anasema, "Huyu wangu," na ubishi umekwisha.

Ulipokuwa mwalimu wa baiolojia Korogwe, ulinikalisha sebuleni kwako Manundu ukanifundisha kwa kamba ile ile. Ndani ya seli, ulisema, kuna kimeng'enya kilicholala. Kirusi kikiingia, seli inatengeneza mnyororo mfupi wa kutoa tahadhari, ambao pingili zake zimeungwa upande usio wa kawaida. Minyororo mingine tele inapita, kimeng'enya hakishtuki. Umbo lake limepinda kama kiganja kilichokunjwa, na ule tu ndio unaokaa humo sawasawa, pingili moja ikibanwa hapa, nyingine pale. Ukishakaa, vimeng'enya viwili vinashikana, vinaamka, vinakatakata RNA, ule uzi wa maagizo, wa kirusi na hata wa seli yenyewe.

"Ndiyo maana hakikisii, kaka," ulisema. "Kikikosea kinabomoa nyumba yake."

Nikasema kumbe mama ni kimeng'enya. Ulicheka mpaka ukamwaga chai.

Sasa nijibu. Wewe uliyejua yote hayo, uliposhikwa na homa na shangazi akakuletea vidonge vya malaria kutoka duka la dawa, bila tone la damu kupimwa, kwa nini ulimeza? Kwa sababu kwetu kila homa ni malaria, na anayetaka kupimwa anaambiwa anaringia shule. Ulimeza ili usionekane unaringa. Ukalala ukisubiri dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Hospitali walipopima, haikuwa malaria, na tulikuwa tumechelewa. Msibani wakasema siku zako zilifika. Nilisema zilisukumwa, wakaninyamazisha kwa heshima ya matanga.

Sinyamazi tena. Kitu kisicho na macho wala akili kinagusa kabla ya kutenda. Sisi wenye vyote viwili tunakisia juu ya watu tunaowapenda, kisha tunamsingizia Mungu.

Leo asubuhi binti yako Mwanaidi kaamka na homa. Shangazi akaja na vidonge vile vile na glasi ya maji. Nilikuwa nafungua mdomo nifoke, mtoto akaniwahi. Aliisogeza glasi kando taratibu.

"Shikamoo, bibi. Nipimeni kwanza."

Shangazi akanuna. "Kiburi kama mama yake."

"Hapana, shangazi," nikamwambia. "Mama yake alimeza."

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya maabara. Mwanaidi ameniegemea, pamba kwenye kidole. Majibu hayajatoka, na bado naogopa. Lakini safari hii, Zaina, tumegusa kwanza.

Kaka yako, ambaye hajapoa