Mkate uliolala kitandani kwako

Kilombero, Jumapili ya tatu ya mwezi wa nane. Leo ni wiki ya sita tangu niondoke nyumbani, na ya nane tangu tukuzike.

Kamwene, Mama.

Naandika kwa mkono uliojaa malengelenge, maana jana, tangu alfajiri, tulikata miwa iliyochomwa usiku. Mwandiko wangu unaujua, darasa la sita ni darasa la sita. Watoto wangu, Neema na Upendo, wapo kijijini Yakobi kwa mdogo wangu Tumaini, wazima. Nyumba yako tumeifunga, na Tumaini anapita kila jioni kulisha kuku.

Nina neno ambalo msibani sikulisema mbele ya watu. Wote walisimama wakasifu, na mimi nikasifu. Lakini mimi ndiye niliyekunyima furaha yako ya mwisho, Mama, na nilikunyima kwa simu.

Unakumbuka siku ile. Neema alikuwa ameshuka darasani, na mimi nilikuwa kambini huku, nimechoka, nina hasira za jua. Nikakupigia. Nikasema, "Mama, hao watoto wanasoma au wanachezea unga? Kila Jumamosi mikate, kila Jumamosi wanasesere wa maganda ya mahindi. Mimi niliharibikiwa shule kwa michezo hiyohiyo. Acha." Ukasema, "Haya, baba." Hukusema kingine.

Mama, nilidanganya, na ulijua kuwa nadanganya. Shule sikuiacha kwa sababu ya wanasesere. Niliiacha kwa sababu nilidandia lori la mbao nikaenda Makambako, nikapata kazi ya kupakia, nikajiona mwanaume. Ulinifuata mpaka stendi ukiwa na kiporo cha mkate kwenye kitenge. Nikala mkate, nikakataa kurudi, ukageuka bila kunigombeza. Ungeweza kunikumbusha hayo kwenye simu. Hukunikumbusha. Na muhula uliofuata Neema alishuka tena, wala hakukuwa na unga wa kusingizia.

Siku ya nne baada ya mazishi nilipanda darini jikoni kutafuta jembe. Nikakuta sufuria yako kubwa, ile uliyoitia mchanga chini kuokea mikate, imeoshwa na kufunikwa gazeti. Ndani yake kuna wanasesere saba, kila mmoja na kilemba chake, na gari la vipande vya msonobari lenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Na pakiti ya hamira haijafunguliwa. Nikakaa hapo juu kwenye moshi mpaka Tumaini akaniita, "Kaka, jembe limekumeza?"

Nilishuka na sufuria. Upendo alipoiona alikimbia kuja, kisha akasimama, akamtazama dada yake. Neema akaniambia polepole, kama mtu mzima, "Bibi alisema baba hataki." Nikamuuliza, "Na hii hamira?" Akasema, "Alisema tuitunze, baba ni mtu wa kubadilika."

Mama, panga limewahi kunikata mguu huku. Halikuuma hivyo.

Nikawaambia wanifundishe. Mimi, mtu wa miaka thelathini na nane, nilikalishwa kwenye kigoda nikaambiwa ninawe mikono mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa Jumapili asubuhi, baridi ya mwezi wa saba unaijua, nyasi zote nyeupe. Neema akapima unga kwa kikombe chako kilichovunjika mkono. Upendo akaingiza kidole kwenye maji akasema, "Haya ya moto, yataua hamira. Subiri yawe kama maji ya kuogea mtoto." Hiyo ni sauti yako. Tukakanda. Nikataka kuacha beseni la unga pale jikoni, wakacheka. Unga kwenye baridi ya Njombe? Huku Kilombero unga ungeumuka ukiwa bado kwenye mfuko, na mimi nilisahau nilikozaliwa.

"Mgeni analala kitandani," Upendo akaniambia.

Nilikuwa sijui kuwa mgeni ndiye unga wenyewe. Miaka yote hiyo sikujua kuwa ulikuwa ukiwaamsha watoto, ukaliweka beseni pale pale walipolala, kwenye joto lao, ukalifunika blanketi, kisha ukawatoa nje wakinyata wakatengeneze wanasesere, ili wasimwamshe mgeni. Tatizo ni kwamba watoto siku hizo walilala chini kwenye mkeka na ndugu wa msiba, na mkeka ulikuwa umeshakunjwa. Upendo akabeba beseni akaingia chumbani kwako. Kitanda chako hakuna aliyekigusa tangu ututoke. Blanketi lako zito la kijivu lilikuwa limekunjwa juu yake.

Tumaini akashtuka. "Kaka, kitanda cha marehemu. Watu watasemaje?"

Watoto wote wawili wakanitazama. Niliona kabisa kwamba nikisema "acha" mara ya pili, sitaombwa tena kitu chochote katika nyumba ile. Nikalikunjua blanketi mwenyewe. Nikalaza beseni upande wa ukutani, upande wako, nikalifunika kitambaa, kisha blanketi. Tukaenda ibadani, na sikusikia neno moja la mahubiri. Nilikuwa nawaza, kama unga hautaumuka, nitajua umenikasirikia.

Tuliporudi na kufunua blanketi, kitambaa kilikuwa kimenyanyuka. Upendo akaweka mkono juu akanong'ona, "Ameamka."

Mkate wenyewe niliuharibu. Nilijaza makaa chini, Neema akasema, "Baba, machache chini, mengi juu ya mfuniko," lakini nilikuwa nimechelewa. Upendo akautazama upande wa chini akasema, "Baba ameuchoma kama miwa yake." Tumaini, aliyekuwa bado amenuna, akacheka mpaka akashika mlango. Tukakwangua, tukala na chai. Kabla ya hapo, wakati unga unaumuka mara ya pili, walinifunza kufunga mwanasesere. Wangu ana kichwa kikubwa kuliko mwili. Ninaye hapa, ananing'inia kwenye msumari juu ya godoro langu, na wakata miwa wenzangu wananiita Mama Mtoto. Waite.

Lakini sitaki udhani mkate ule umenifuta kosa. Mwaka mzima wa Jumamosi ulikaa na watoto wale na mikono mitupu kwa sababu yangu. Mwaka ule haurudi. Sijui kama ulinisamehe au ulininyamazia tu, kama ulivyoninyamazia stendi. Unga kuumuka ni kazi ya hamira na blanketi, hilo nalijua hata mimi.

Sasa kila Jumamosi nampigia Tumaini, nauliza kwanza kama mgeni ameshalala, halafu ndipo nauliza habari za shule. Neema ananieleza yote mawili.

Pumzika, Mama. Miwa inaisha mwezi wa kumi na mbili. Jumamosi ya kwanza baada ya kulipwa nitashuka Makambako, nitanunua ngano na hamira mpya, na kabla ya giza nitakuwa nimefungua mlango wako. Jumapili asubuhi mgeni atalala kitandani kwako. Mimi nitalala chini.

Mwanao.