Barua ya Kufukuzwa Niliyoichapa Mwenyewe

Shoga, nimefukuzwa kazi. Na barua ya kunifukuza nimeichapa mwenyewe!

Bosi kasimama mlangoni, hata kuketi hakuketi: "Katibu, chapa barua ya kukuachisha kazi. Unaondoka leo hii."

Miaka tisa! Leo hii!

Nikamuuliza, na notisi ya mwezi mmoja iliyo kwenye mkataba? Akacheka, mshenzi yule. "Mkataba gani? Chapa!"

Eti chapa. Haya, nikachapa.

Unajua huwa hasomi anachosaini, miaka yote mimi ndio macho yake. Nimeandika notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo, kama mkataba unavyosema. Kasaini huku akibwabwaja kwenye simu, akagonga na muhuri.

Nakala ninayo. Kesho asubuhi atanikuta mezani kwangu, na chai yake ajichemshie mwenyewe.