Bata Niliyomwaga Mbele ya Bakwe

Siku ya yenga, Jumapili, jioni. Mvua inanyesha tangu tulipotoka misa, na roho yangu imechafuka.

Jambo, ndugu yangu unayenisoma. Kwako wote wazima? Batoto wamelala salama? Hapa kwetu Panda, mujini Likasi, tunamshukuru Mungu.

Mnaniuliza mara nyingi wapi pa kuona ndege. Siku zote nawajibu: vilima vya njia ya Kambove, alfajiri, malori yakiwa bado yamelala. Na kupita pote, mto Lufira, pale maji yanapotanda nyuma ya barrage, ule ukuta wa bwawa la Mwadingusha. Kaa kimya karibu na mafunjo, utaona korongo wenye taji wakitembea taratibu kama bamama wanaokwenda kupokea komunyo. Minye pale nasali vizuri kuliko mahali pengine.

Jana nilikwenda huko kwa sababu nyingine. Bakwe wa binti yangu Béatrice, wazazi wa mchumba wake, walituita tule kwao mara ya kwanza. Kwetu chakula hicho hakikataliwi. Ukisukuma sahani, umesukuma na ndoa.

Tulifika mapema, nikashuka mtoni peke yangu niwasalimu ndege.

Afadhali ningebaki barabarani.

Bata wa pori walilala kwenye matope, miguu juu, ute wa kijani mdomoni. Wengine walikuwa bado wanatetemeka. Ukingoni kulimwagwa mahindi yanayonuka ile dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Korongo mmoja alizunguka-zunguka, shingo imepinda, hawezi kusimama. Mwanaume mmoja alikuwa anaokota bata na kujaza mfuko, huku anapiga mluzi.

Mezani nikamtambua yule wa mtoni. Ni Papa Donatien, baba ya kijana anayetaka kumuoa Béatrice.

Bukari, ugali wetu, ikaja, na bata katika mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Ilinukia vizuri sana, na hilo ndilo lilinichefua zaidi. Batoto wa nyumba walikuwa wamekwisha kunawa.

Nikamuuliza kwa heshima kama hii ni nyama ya asubuhi. Akakubali bila haya. Alisema wanatoa matumbo, wanaosha na ndimu, hakuna muntu amekufa, na hata sisi wa Likasi tunanunua hii hii sokoni na kuila. Mke wake akanitania kwamba mukwe wa mujini amezoea nyama ya frigo, ya barafu.

"Mama, kula kidogo tu," Béatrice akaninong'oneza. "Nakuomba."

Nikamwangalia mtoto wangu. Halafu nikawaangalia wale wadogo.

"Papa Donatien, minye sitakula sumu. Na hawa batoto nabo basikule."

Nikabeba sufuria, nikaenda kuimwaga chooni.

Mbele ya bakwe!

Leo bakwe wametuma neno: nirudi nipige magoti niombe msamaha, la sivyo mambo ya ndoa yameisha. Nakumbuka bata niliyonunua sokoni kwa ajili ya Noeli, labda nayo iliokotwa kwenye sumu hiyo.

Nimeomba Rozari, bado nasikia ile harufu mikononi.

Nitarudi. Kwa kumwaga sufuria ya mwenye nyumba nitapiga magoti, maana heshima ni heshima. Kwa kukataa kula, hapana. Nao wakiniwekea tena bata, nitainuka hata kama Béatrice analia.

Ninyi msiende kule kutazama ndege sasa, wala msinunue bata ya pori.

Wewe je, ungefanya nini? Tafadhali nijibu upesi, wananingoja wiki hii.